Marejesho ya Mkopo Yasitoke Kwenye Uji wa Mtoto



Mwezi wa Julai, siku ya kliniki ya watoto, alikuja kwetu mama mmoja kijana akiwa na mtoto wa kike wa miezi 14. Mama alivaa vizuri, mtoto amefunikwa blanketi safi, na ukiwatazama usingedhani kuna shida nyumbani. Nilipomweka mtoto kwenye mizani nilipata kilo 7 na gramu 200. Utepe wa mkono ukasoma sentimita 12 na nukta moja, yaani sehemu ya njano. Kwenye kadi yake mstari ulipanda vizuri mpaka mwezi wa saba, kisha ukalala.

Nikamwuliza mtoto anakula nini. "Uji, Sista, na ugali wa jioni kama sisi." (Hapa wagonjwa hutuita wauguzi wote Sista, hata sisi wenye waume.) Uji wa nini? Wa sembe. Maziwa? Walikuwa wakinunua, wameacha. Mayai? Kuku wapo saba, lakini mayai yanauzwa. Nikauliza yanauzwa kwa ajili gani. Akajibu kwa sauti ya chini kidogo, "Tuna marejesho. Tulipaua mwezi wa kumi na mbili."

Nyumba yenyewe naijua, iko kando ya njia ninayopita kwenda kazini. Ina vyumba vitano na sebule, matofali ya kuchoma, na bati la rangi ya kijani. Mume ni karani, ana mshahara wa kawaida, hanywi, na Jumapili huwaoni wakikosa kanisani. Hawa si watu wazembe. Ndiyo sababu nimeamua kuandika habari hii katika ukurasa wa afya, ingawa wengine watasema mambo ya mikopo yangefaa kuandikwa na mhasibu.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna jambo la kutuaibisha kidogo. Mahindi, viazi, maharage, maziwa na parachichi vyote vinatoka kwetu, na malori yanavipeleka Dar es Salaam. Lakini uchunguzi wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Tanzania nzima watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na mikoa iliyoongoza ilikuwa ya kwetu: Iringa karibu 57 kati ya 100, Njombe na Rukwa karibu 50. Taifa lilipiga hatua, kwa maana mwaka 2015 hadi 2016 hesabu ilikuwa 34. Lakini mtu akipita Iringa na Njombe na kuhesabu nyumba za matofali zenye bati, hatadhani kwamba ndani yake nusu ya watoto wadogo ni wafupi kuliko umri wao.

Sisemi kwamba ujenzi ndio unaodumaza watoto. Sababu ni nyingi: kazi nzito za akina mama wajawazito, mtoto kuachiwa bibi kutwa nzima na kikombe cha uji, maji machafu, minyoo, na ulanzi, ambao msimu wake ukifika hata fedha ya chumvi haionekani. Lakini katika familia zenye mshahara mdogo na katika familia za wakulima wanaojitahidi, nimeona mara nyingi kwamba fedha ya chakula cha mtoto ndiyo ya kwanza kupunguzwa nyumba inapoanza. Haimtoi mtu jasho. Mwenye duka la vifaa anadai, fundi anadai, benki inakata kabla mshahara haujakufikia. Mtoto wa mwaka mmoja hadai. Akipewa uji mwepesi anakunywa, ananyamaza, analala.

Tuseme wazi kwa nini umri huu ni wa hatari. Tangu mimba kutungwa mpaka mtoto kutimiza miaka miwili ni siku kama 1,000. Mtoto mwenye afya huongeza uzito wake wa kuzaliwa mara mbili afikapo miezi mitano hivi, na mara tatu afikapo mwaka. Afikapo miaka miwili ubongo wake umekwisha kufikia kama asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Miezi sita ya kwanza maziwa ya mama peke yake yanamtosha. Baada ya hapo hayatoshi, hasa kwa madini ya chuma ya kutengeneza damu, na tumbo lake ni dogo kiasi kwamba uji wa sembe mtupu unalijaza kabla haujampa nguvu. Anahitaji kula mara tatu au nne kwa siku pamoja na kunyonya, na ndani ya uji kuwe na karanga zilizosagwa, au maziwa, au kijiko cha mafuta, na kwenye ugali wake yai, dagaa, maharage yaliyopondwa. Urefu uliopotea katika muda huu kwa sehemu kubwa haurudi, hata kama akiwa na miaka sita mtamlisha nyama kila siku.

Ukuta hauna tarehe ya namna hiyo. Ukiuacha bila lipu miaka mitatu, utaukuta pale pale. Kwa bei za hapa kwetu mfuko mmoja wa saruji ni sawa na karibu trei mbili za mayai, yaani mayai kama 60. Kwa mtoto mmoja hiyo ni miezi miwili ya yai moja kila siku.

Najua majibu ya wazazi, na si majibu mabaya. Kupanga ni taabu. Mimi na mwenzangu tulipanga katika nyumba tano kwa miaka minane. Tulikuwa na mwenye nyumba aliyehesabu ndoo za maji ninazotumia kufua nepi, na mwingine aliyewakataza watoto kucheza uani baada ya saa kumi. Kodi unailipa na haikuachii hata tofali moja. Saruji inapanda bei. Tena kwetu mtu asiye na nyumba haheshimiwi. Kwenye jumuiya anaambiwa kwa utani kwamba ni mpangaji, lakini utani huo unauma. Mwaka 2001 tulichukua mkopo katika chama cha kuweka na kukopa, tukaanza. Marejesho yalichukua zaidi ya nusu ya mishahara yetu miwili, wangu wa uuguzi na wake wa ualimu wa shule ya msingi. Mtoto wetu wa pili alikuwa na mwaka mmoja. Nilichukua zamu za usiku za ziada, na maziwa tukapunguza kutoka lita moja mpaka nusu, kisha tukayaacha "kwa muda". Asubuhi nilipima watoto wa watu. Wa kwangu alipita miezi minne bila kupimwa. Mwenzangu wa kazi, mama mzee aliyekuwa ametutangulia sana, ndiye aliyeniambia mbele ya wengine, "Mwanao analetwa lini? Au wewe huna kadi?" Nilikasirika siku ile. Kesho yake nilimleta, na nilipochora mstari wake kwenye kadi mkono wangu haukutulia. Leo ni kijana mkubwa, ana kazi yake, ni mfupi kuliko ndugu zake wote. Huenda ndivyo alivyoumbwa. Kadi ninayo bado kabatini.

Basi turudi kwenye hesabu, maana wengi tunasaini bila kuifanya. Zamani mkopo wa nyumba ulikuwa wa watu wachache waliofika Benki ya Nyumba Tanzania, ambayo ilifungwa mwaka 1995. Baada ya hapo miaka mingi ilipita bila njia ya kueleweka, mpaka ilipotungwa sheria ya mikopo ya nyumba mwaka 2008 na mabenki yakaanza tena. Riba yake kwa miaka mingi imekuwa kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka. Chukua mkopo wa shilingi milioni 20 kwa riba ya asilimia 17, ulipwe kwa miaka 15. Kila mwezi utalipa karibu shilingi 308,000. Mpaka kumaliza utakuwa umelipa zaidi ya milioni 55. Kama mshahara unaofika mkononi ni 700,000, zinabaki 392,000. Zigawe kwa siku 30 upate kama 13,000 kwa siku: chakula cha watu sita, sabuni, umeme, nauli, dawa, sare za shule, michango. Ada ya shule za serikali iliondolewa mwaka 2016 mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita, lakini kila mzazi anajua kwamba madaftari, sare na michango haikuondoka.

Kwa watumishi wa umma kuna utaratibu kwamba makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Watu wengi wanausoma utaratibu huo kama ruhusa ya kukopa mpaka theluthi mbili. Mimi naona familia yenye mtoto chini ya miaka miwili, au mama mjamzito, ikikatwa zaidi ya robo imekwisha kuingia kwenye hatari. Hilo ni la kwangu, sikulipata kwenye kitabu; nimelipata kwenye mizani.

Na mkulima naye hajaepuka kwa sababu hana makato. Wengi huuza karibu mahindi yote mwezi wa Agosti ili wapate bati, halafu Januari na Februari wananunua mahindi yale yale kwa bei kubwa. Watoto tunaowapokea wakiwa na hali mbaya miezi hiyo wengi ni wa wakulima wenye mashamba mazuri.

Jambo jingine ni nyumba yenyewe. Tunajenga kubwa, tunahamia haijaisha, tukisema tumeepuka kodi. Kwa afya ya mtoto, kipi kinahitajika kwanza? Sakafu. Kule Mexico, katika jimbo la Coahuila, kuanzia mwaka 2000 serikali ilizisaidia familia maskini kupata saruji ya sakafu badala ya udongo. Wataalamu waliofuatilia walikuta minyoo, kuharisha na upungufu wa damu kwa watoto vimepungua sana, na akina mama wenyewe wamekuwa na mawazo mepesi zaidi. Ni sakafu tu. Kule Gambia, utafiti uliotangazwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kuzuia mbu kwa nyavu kwenye milango na kwa dari iliyofunika ule uwazi wa kati ya ukuta na paa kulipunguza upungufu wa damu kwa watoto. Kwa hiyo vyumba viwili vyenye sakafu ya saruji, madirisha yenye nyavu, mlango unaofunga, na choo chenye mfuniko ni afya zaidi kuliko vyumba vitano vya udongo chini ya bati la rangi.

Tena nawaomba sana, na hapa sisemi kwa utani: msihamie kwenye nyumba isiyo na madirisha wakati wa baridi ya Juni na Julai, mkaziba kwa nailoni na kuingiza jiko la mkaa ndani mlale. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Unaletewa familia nzima asubuhi, na mara nyingine hakuna la kufanya tena. Jiko litoke nje kabla ya kulala, hata kama makaa yanaonekana yamezimika.

Baba nao nisiwasahau. Siku hizi wanaume wa miaka 40 wanakuja na shinikizo la damu la 180 kwa 110, hawalali, tumbo linawaka moto. Tukikaa nao faraghani, wengine wanasema kuna mkopo ambao mke haujui, uliochukuliwa ili kulipa mkopo ambao mke anaujua. Ndiyo ile mikopo inayoitwa kausha damu, na jina limekaa mahali pake. Kidonge cha presha nitakupa, na ukitumie kila siku bila kuacha, lakini siwezi kukupa kidonge cha kumwambia mama watoto. Hilo ulifanye mwenyewe, leo jioni. Akina mama pia wapo wenye vikoba vitatu ambavyo baba hajui hata kimoja. Kadi ya benki na namba yake ya siri usimkabidhi mkopeshaji yeyote. Na mjue kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume au mke kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo mama anayeambiwa "saini hapa tu" ana haki ya kuuliza maswali mpaka aridhike.

Bwana Yesu mwenyewe, katika Injili ya Luka sura ya 14, alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye inampasa akae kwanza apige hesabu. Kwa hiyo hesabu ifanyike kwa daftari, wote wawili mkiwa mezani. Andikeni kwanza chakula cha mwezi kwa ukweli wake, si kwa aibu: mahindi, maharage, mafuta, dagaa, maziwa ya mtoto, mayai. Kisha bima ya afya, kisha shule. Kinachobaki ndicho mnachoweza kujengea. Kabla ya kukopa, jaribuni kwa miezi mitatu kuweka akiba kiasi kile kile ambacho kingekuwa marejesho. Kama miezi mitatu imepita na mtoto hajapungukiwa, kopeni kwa amani, na akiba hiyo itakuwa kinga mwezi mmoja wenu akiugua. Kama mwezi wa pili mmekwisha kuichomoa, basi mkopo ule ulikuwa mkubwa kuliko ninyi, na mmelijua hilo bila kulipa riba. Kama mimba iko njiani, subirini. Na waliofundishwa kupanga uzazi kwa njia ya asili wanajua kwamba nafasi kati ya mtoto na mtoto inawapa wazazi mwanya wa mambo mengi, nyumba ikiwa mojawapo.

Nitaongeza moja ambalo halitawafurahisha wote. Nimeona mkopo wa kujenga ukiliwa kwenye sherehe ya Komunyo ya Kwanza, kwa hema, muziki na keki. Mtoto wa miaka tisa alipendeza sana. Mdogo wake wa mwaka mmoja alikuwa mgongoni kwa mama, nywele zimekuwa nyepesi na rangi imepauka, nami nilikaa meza ya pili nikashindwa kula pilau.

Yule mama wa Julai sikumkaripia. Nilimwambia amlete mume siku ya pili, naye alikuja, jambo ambalo akina baba wengi hawalifanyi. Nilimwonyesha kadi, nikamwonyesha mahali mstari ulipolala na mwezi wenyewe. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema ni mwezi wa bati. Walienda wakaomba marejesho yapunguzwe na muda urefushwe. Watalipa riba zaidi, na sikuwaficha hilo. Vyumba vitatu wameviziba kwa matofali bila udongo, wanaishi katika viwili walivyomwaga sakafu. Mayai ya kuku wawili ni ya mtoto, ya watano yanauzwa. Mwezi wa Septemba mtoto alikuwa na kilo 8 kasoro kidogo, na utepe umeingia kijani.

Walio na watoto chini ya miaka mitano ambao hawajapimwa miezi miwili iliyopita, leteni kadi na mtoto siku ya kliniki iliyo karibu, hata kama mtoto anaonekana mzima. Kwa watoto wa miezi sita na zaidi ulizeni pia matone ya vitamini A, ambayo hutolewa kila baada ya miezi sita. Mwezi ujao, Mungu akipenda, nitaandika juu ya moshi wa jikoni na kifua cha mtoto.